Magari ya Spoti Yaliyoundwa Uani

Gari la spoti la kuundwa nyumbani ni gari dogo, aghalabu la viti viwili na lisilo na paa, ambalo mwenyewe huliunga uani au katika gereji ya nyumba yake kwa kutumia vipuri vya gari la kawaida lililochakaa. Wako wanaoanza na mabomba matupu ya chuma. Wengine hununua seti, yaani chasisi, bodi na vyuma vichache kutoka kwa mtengenezaji mdogo, kisha hujitafutia injini, giaboksi na ekseli. Kazi hii imeenea Marekani, Australia na Afrika Kusini, lakini kitovu chake ni Uingereza, na huko historia yake imetawaliwa na mambo mawili: gari gani lilikuwa likiozea kwenye yadi za vyuma chakavu kwa wakati huo, na serikali ilitoza kodi kiasi gani kwa gari jipya. Ubunifu wa wahandisi, hata wale mashuhuri, ulipita katika njia iliyokwisha kuchongwa na mambo hayo.

Gari la kwanza kuchakaa kwa wingi wa kutosha lilikuwa Austin Seven. Herbert Austin alilitoa mwaka 1922 ili familia ya kipato cha kawaida iache pikipiki yenye kigari cha pembeni na kupanda gari la kweli. Hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1939 yalikuwa yametengenezwa takriban 290,000. Lilikuwa na injini ndogo ya silinda nne, cc 747, na chasisi nyepesi iliyochongoka mbele mithili ya herufi A. Bodi yake ilikuwa pambo lililokaa juu ya chasisi hiyo. Ukifungua bolti unainyanyua kando, na kinachobaki chini bado kina injini, usukani, breki na magurudumu, na bado kinatembea. Bodi zilioza mapema kuliko mitambo. Kwa hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilijaa Austin Seven zenye mabati yaliyoliwa na kutu na injini ambazo bado zilinguruma, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kijana wa kazi ya kawaida aliimudu.

Wapenzi wa gari hilo walikuwa na chama chao, 750 Motor Club, kilichoundwa mwaka 1939. Vita vilipokwisha, chama hicho, kikisukumwa na daktari wa mifugo Holland Birkett, kilitunga kanuni za mashindano ya magari yaliyojengwa juu ya Austin Seven, kwa makusudi kabisa kwamba asiye na fedha naye ashindane. Waundaji walikutana, wakabadilishana michoro na vipuri, na wakakosoana bila kuoneana haya. Chama hicho kilikuwa shule, na kina haki ya kukumbukwa hivyo, kwa sababu wahandisi kadhaa wa mbio za magari wa miaka ya 1950 na 1960 walijifunzia kazi huko kabla ya kiwanda chochote kuwaajiri.

Mmoja wao alikuwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi wa miundo katika University College London, ambaye wakati wa masomo alikuwa akinunua na kuuza magari yaliyotumika. Mwishoni mwa mwaka 1947 serikali ilifuta mgao wa msingi wa petroli kwa magari binafsi. Bei za magari zikaporomoka, na Chapman akauza aliyokuwa nayo kwa hasara. Likabaki moja tu lililokosa mnunuzi: Austin Seven ya mwaka 1930. Aliliingiza katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, mtaa wa Muswell Hill kaskazini mwa London, akaling'oa bodi na kulitengenezea nyingine ya plaiwudi iliyogandishwa bati la alumini. Hilo ndilo gari la kwanza kuitwa Lotus, na lilikamilika mwaka 1948. Kampuni iliyokuja kutwaa ubingwa wa dunia wa Formula One ilianzia kwenye gari ambalo hakuna aliyelitaka, wakati ambapo hakukuwa na petroli ya kulitia.

Gari lake la tatu, la mwaka 1951, linaonyesha jinsi akili za watu hao zilivyofanya kazi. Injini ya Austin Seven ilivuta hewa kwa matundu mawili tu, kila moja likigawanywa na silinda mbili zilizoporana pumzi. Chapman na wenzake walitengeneza njia ya hewa yenye kizuizi cha bati kilichoingia ndani ya kila tundu na kuligawa, ili kila silinda ipate mkondo wake. Gari likawa la kasi kuliko mengine yote ya daraja lake, na chama kikabadilisha kanuni ili kupiga marufuku mbinu hiyo. Tarehe 1 Januari 1952 Chapman alianzisha Lotus Engineering kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, katika mabanda ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli iliyoendeshwa na baba wa Chapman eneo la Hornsey.

Kodi ndiyo iliyogeuza shughuli ya wachache kuwa biashara. Tangu mwaka 1940 Uingereza ilikuwa na kodi ya manunuzi kwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa za anasa, na gari lilikuwa mojawapo. Mwaka 1951 kodi hiyo ilifikia theluthi mbili ya bei ya jumla ya gari. Mwaka 1953 ilishushwa hadi asilimia 50, na mwaka 1955 ikapandishwa tena hadi asilimia 60. Hata hivyo, ilihusu gari zima. Vipuri vilivyouzwa kimoja kimoja havikuhesabiwa kuwa gari, alimradi mnunuzi aviunge mwenyewe bila kumlipa fundi. Hivyo gari lile lile liliuzwa kwa bei mbili zilizopishana sana, moja kwa anayetaka kuliendesha kesho yake na nyingine kwa aliye tayari kushika spana. Inasimuliwa sana kwamba kwa kuwa seti haikuruhusiwa kuambatana na maelekezo ya kuliunga gari, Lotus ilitoa maelekezo ya kulifungua, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Gari la kwanza la Lotus kuuzwa kwa mtindo huo lilikuwa Mark VI, lililotoka mwaka 1952. Hapa Chapman aliachana na chasisi ya Austin na kubuni fremu yake ya mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa katika pembetatu nyingi, kwa sababu umbo la pembetatu halibonyei mpaka bomba lenyewe lishindwe. Fremu tupu ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Mtu mmoja aliweza kuinyanyua. Mitambo ilitoka kwenye Ford za kawaida za kabla na baada ya vita: injini ya cc 1172, ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele iliyokatwa katikati ili kila gurudumu lijitegemee. Mnunuzi alikwenda yadi, akapata Ford iliyogongwa, akaivunja, kisha akahamishia vitu vyake kwenye fremu mpya. Yalitengenezwa kama magari 100 kabla uzalishaji haujasimama mwaka 1955. Mrithi wake, Lotus Seven wa mwaka 1957, alifuata mpango huo huo: gari lenye uzito chini ya nusu tani, lisilo na milango, na lisilobeba kitu kisichosaidia mwendo. Hadi mwaka 1973 zilikuwa zimetoka Seven 2,500 hivi. Televisheni nayo ililitangaza: katika mfululizo wa The Prisoner ulioanza kuonyeshwa mwaka 1967, mhusika aliyechezwa na Patrick McGoohan anaendesha Seven na kujitambulisha kuwa aliliunda mwenyewe.

Fremu ya mabomba ilihitaji hesabu na mashine ya kuchomelea, na bodi ya alumini ilihitaji mikono ya fundi wa kufua mabati. Faibaglasi iliondoa kikwazo hicho cha pili. Marekani, Bill Tritt, mjenzi wa mashua huko California, alikuwa ameanza kutengeneza bodi za magari kwa faibaglasi kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, na muda mfupi baadaye ujuzi huo ulikuwa umetua Uingereza. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kwanza hutengenezwa umbo la gari kwa mbao na plasta, likasuguliwa mpaka ling'ae. Juu yake humwagwa kalibu ya faibaglasi. Kalibu ikishakauka hupakwa nta ndani, hufuata tabaka la rangi, kisha mikeka ya nyuzi za kioo inayolowanishwa kwa utomvu wa poliesta na kukandamizwa kwa brashi na rola hadi mapovu yote yaishe. Kesho yake bodi nzima huvutwa kutoka kwenye kalibu. Kiwanda kikubwa kinahitaji mashinikizo ya mamilioni kukunja bati la chuma. Hapa wanaume wawili katika banda la uani walitoa bodi bila hata tanuri.

Kampuni kama Ashley Laminates na Falcon Shells ziliuza bodi hizo kuanzia katikati ya miaka ya 1950, nyingi zikipimwa kukaa juu ya chasisi ya Austin Seven au Ford. Bei ya bodi ilivutia kuliko kazi iliyobaki. Mnunuzi aliletewa ganda tupu. Mara nyingi halikuwa na matundu ya taa wala sakafu, na milango ilikuwa imechorwa tu kama mistari, aikate mwenyewe kwa msumeno na kuifungia bawaba. Wengi waligundua hapo kwamba chasisi ya gari refu na jembamba la miaka ya 1930 haikai vizuri chini ya umbo pana lililolala, na bodi nyingi ziliishia kuegemea ukuta wa gereji. Watengenezaji waliodumu ni wale waliouza bodi pamoja na chasisi iliyochukuana nayo. Ndugu wanne wa familia ya Walklett huko Suffolk walianzisha Ginetta mwaka 1958; Jem Marsh na Frank Costin walianzisha Marcos mwaka 1959, na kwa kuwa Costin alitoka kwenye utengenezaji wa ndege, chasisi yao ya kwanza ilikuwa ya plaiwudi. Cape Town nako, mwaka 1958, kampuni ya GSM ilianza kutoa gari dogo la faibaglasi liitwalo Dart lenye injini ya Ford, baada ya waanzilishi wake kujifunza kazi ya faibaglasi Uingereza.

Mwaka 1960 Uingereza ilianzisha ukaguzi wa lazima kwa magari yenye umri wa miaka kumi na zaidi, kuangalia breki, taa na usukani. Gari la spoti lililojengwa juu ya Austin Seven, lenye breki za nyaya na chasisi ya kabla ya vita, sasa lililazimika kupita mbele ya mkaguzi. Mengi hayakupita, na zama za Austin Seven barabarani zikafifia kwa haraka.

Upande wa pili wa Atlantiki, gari lililochakaa lilikuwa Volkswagen Beetle, ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uimara wake: lilishinda Safari Rally mwaka 1962. Bruce Meyers, mtengenezaji wa mashua wa California, alikamilisha mwaka 1964 gari la faibaglasi la kuchezea mchangani lililoitwa Meyers Manx. Toleo lililouzwa kwa wingi lilitumia sakafu ya Beetle iliyokatwa inchi 14 na robo na kuchomelewa upya. Mwaka 1967 Meyers na Ted Mangels walivuka rasi ya Baja California, Mexico, kutoka La Paz hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45, wakavunja rekodi iliyoshikiliwa na pikipiki. Maombi ya seti yakafurika. Lakini kitu kilichomwezesha Meyers kutengeneza bodi kwa urahisi kiliwawezesha na wengine: aliyenunua seti moja aliweza kuitumia kutoa kalibu na kuuza nakala. Meyers alikwenda mahakamani kutetea hataza yake akashindwa, na kampuni yake ikafungwa mwaka 1971 baada ya kuuza seti zipatazo 6,000, huku nakala zikihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Ni dhuluma ambayo biashara hii haijawahi kuipatia dawa.

Tarehe 1 Aprili 1973 Uingereza ilibadilisha kodi ya manunuzi kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kodi hii mpya haikubagua gari zima na vipuri. Nafuu ya miaka ishirini ikatoweka siku moja, na miezi michache baadaye bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Gilbern, kampuni ya magari ya Wales, ilifunga milango mwaka huo huo. Lotus, iliyokuwa imehamia Norfolk na kutamani wateja wa hali ya juu, iliacha seti moja kwa moja na kuuza haki za Seven kwa Graham Nearn, mwenye duka la magari katika mji wa Caterham, Surrey. Nearn aliona ambacho Lotus hawakukiona, kwamba wapo watu ambao kuunda gari kwao ni starehe yenyewe na si ujanja wa kukwepa kodi. Caterham inaendelea kuuza Seven kwa seti hadi leo, na kazi yake hukadiriwa kuchukua kama saa 100.

Miaka ya 1980 yadi zilijaa Ford Cortina na Ford Escort, zote zikiendeshwa na magurudumu ya nyuma, na biashara ikachanua upya. Kampuni ya Dutton iliuza seti za bei ya chini kwa maelfu. Wengine walitengeneza mifano ya magari mashuhuri, hasa Cobra ya Carroll Shelby, ambayo asili yake haikufikia idadi ya kutosheleza hata mji mmoja wa mashabiki. Ubora ulitofautiana mno: kulikuwa na seti zilizopimwa kwa uangalifu, na nyingine ambazo matundu ya bolti ya kushoto hayakulingana na ya kulia.

Kilichorudisha kazi hii mikononi mwa mtu wa kawaida kabisa ni kitabu. Mwaka 1996 Ron Champion, mwalimu katika shule ya Oundle, Northamptonshire, alichapisha mwongozo wa kujenga gari la mtindo wa Seven kwa pauni 250 tu, ukiwa na vipimo vya kila bomba. Gari lenyewe likaitwa Locost. Mitambo yote ilitoka kwenye Ford Escort, gari lile lile ambalo Hannu Mikkola alishindia Safari Rally mwaka 1972, wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kitabu kilivuka mipaka. Wamarekani waliifuata michoro yake na kuipanua fremu ili iwaenee watu warefu na injini kubwa, na 750 Motor Club ikaanzisha mashindano ya Locost.

Kazi huanzia kwenye meza ya ubao mnene wa futi 8 kwa 4, iliyosawazishwa kwa pimamaji. Mjenzi huchora juu yake umbo la sakafu ya fremu, hupigilia vipande vya mbao kando ya mistari, kisha hukata bomba la mraba la milimita 25 na kuweka kila kipande mahali pake. Kila kiungo huwekewa kwanza tone moja la kuchomelea. Hapo hupimwa mishazari miwili ya fremu, na isipolingana, matone hukatwa kwa grenda na kazi kurudiwa. Anayekamilisha upande mmoja kabla ya kugusa mwingine hujuta, maana chuma kilichochomelewa hunywea kikipoa na kuvuta fremu nzima. Baada ya fremu hufuata mikono ya kushikilia magurudumu, mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti, vishikizo vya injini, mabomba ya breki yanayokunjwa taratibu yasibonyee, na nyaya za umeme za Escort zinazobanduliwa utepe na kufupishwa mmoja mmoja. Kisha gari zima, likishasimama, hufunguliwa lote ili fremu ipakwe rangi, na kuungwa kwa mara ya pili.

Ndiyo maana kazi hii huchukua miaka. Saa zinazohitajika ni nyingi, lakini kinachorefusha muda zaidi ni fedha na familia. Mjenzi hufanya kazi jioni na siku za mapumziko, na hununua kadiri mshahara unavyoruhusu, kama anayejenga nyumba kwa kununua matofali mwaka huu na mabati mwakani. Hakuna benki inayomdai. Wengi huishia njiani, na soko la magari yaliyofikia nusu limekuwepo muda wote huu; fremu moja huweza kupita mikononi mwa wamiliki watatu kabla ya kukanyaga barabara.

Sheria iliendelea kukaza. Kuanzia mwaka 1983 gari la Uingereza ambalo asili yake haithibitiki lilipewa namba inayoanza na herufi Q. Mwaka 1998 ukaja ukaguzi wa kila gari moja kabla ya kusajiliwa, na mwaka 2009 ukarithiwa na mwingine mkali zaidi unaotumika sasa. Mkaguzi hupitisha tufe la milimita 100 juu ya bodi, na kila ukingo ambao tufe linaugusa sharti uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, ili anayegongwa asikatwe. Huachia usukani kwenye kona kuona kama unajirudisha wenyewe. Wako waliolalamika kwamba hayo yataua kazi yao. Uzoefu umeonyesha kinyume: seti mbovu ndizo zilizopotea sokoni.

Tatizo kubwa zaidi likawa vipuri. Escort ikageuka kitu cha thamani, na hakuna tena aliyethubutu kuivunja. Wajenzi wakahamia Ford Sierra, kisha Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989, mojawapo ya magari machache ya bei nafuu yaliyoendelea kuendeshwa na magurudumu ya nyuma baada ya viwanda vingi kuhamishia nguvu mbele. Wengine waliichukua injini ya gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele na kuiweka nyuma ya viti, au wakatumia injini ya pikipiki. Sasa Nissan Leaf zilizogongwa zimeanza kufika yadi. Mota yake yafaa, lakini betri yake ya kwanza ya saa za kilowati 24 ina uzito wa karibu kilo 300, zaidi ya nusu ya uzito wa Seven nzima, kwa hiyo wajenzi huifungua na kuchukua sehemu tu ya moduli zake 48, wakikubali kwenda mwendo mfupi ili gari libaki jepesi.